Hatua Thelathini na Moja za Mwalimu Kalinga

Jumanne, 1 Julai

Toleo jipya la Msomaji limetoka asubuhi. Saa tatu kasoro ukaja ujumbe wa Mwalimu Kalinga kutoka Ilula: "Tayari." Neno moja, kama kila mara. Nilikuwa chini ya meza ya mhasibu wa chuo natafuta waya wa printa. Nikausoma hukohuko chini, nikarudi kwenye waya.

Wakati wa chakula Mama kaniuliza tena hiyo Msomaji ni kitu gani hasa. Miaka mitatu naifanya na sijapata namna nzuri ya kumweleza. Leo nimesema hivi: asiyeona anawasha kompyuta, Msomaji inamsomea kwa sauti kila kilichoandikwa kwenye skrini, kwa Kiswahili. Tunaiandika watu sita, mikoa tofauti, kwa kujitolea. Yeyote anaweza kuichukua bure, kuifungua ndani, kuirekebisha. Mwalimu Kalinga ndiye aliyeianzisha, na ndiye anayekusanya kazi zetu na kuzifunga ziwe faili moja ambalo watu wanalipakua. Yeye mwenyewe haoni tangu akiwa na miaka minne.

Mama katafuna kidogo. Kisha akauliza: sasa akiumwa yeye, nani anafunga?

Nikaendelea kula.

Alhamisi, 3 Julai

Mwalimu kapiga simu. Si kawaida yake, yeye ni mtu wa ujumbe mfupi. Hataki tena kufunga matoleo kwa mkono. Anataka mashine ifanye, na anataka niifundishe mimi.

Nikamuuliza kwa nini sasa. Kasema miaka sita inatosha. Kisha kaongeza kwamba mwisho wa mwezi anastaafu kufundisha na shamba linamngoja. Sababu mbili kwa swali moja. Haikuniingia vizuri, lakini nimekubali kabla hajamaliza.

Nimefurahi kupita kiasi. Nimeitamani kazi hii tangu mwaka jana. Seva ya mradi, ile kompyuta ya mbali inayowaka muda wote, ipo, tunapewa bure, imekaa tu. Mtu akituma badiliko, seva inaweza kujenga programu, kuipima, kuifunga na kuitoa. Hakuna mkono wa mtu. Nimemwomba aniandikie hatua zake zote, moja baada ya nyingine, hata zile anazoona ni za kijinga.

Jumamosi, 5 Julai

Hatua zimefika. Thelathini na moja. Nimezisoma kwa kikombe kizima cha chai, nimejifunika kitenge cha Mama maana baridi ya Soweto hapa Mbeya leo haina adabu.

Nyingi naelewa. Nyingine sielewi kabisa. Ya nne: "Funga madirisha ya chumba." Ya kumi na moja: "Subiri dakika mbili." Ya kumi na saba: "Chomoa fleshi, ichomeke tena." Ya kumi na tisa: "Nakili folda ya maneno kutoka deskitopu." Ya mwisho: "Sikiliza."

Sikiliza nini? Haisemi.

Nataka kujua sababu ya kila moja. Ninajisikia kama nimepewa droo ya mtu niipekue kwa ruhusa yake.

Jumapili, 6 Julai

Nimeongea na Mwalimu saa nzima, hatua kwa hatua.

Madirisha ni kwa sababu ya malori. Nyumba yake iko karibu na barabara kuu na asipofunga hasikii vizuri. Dakika mbili ni kwa sababu ya kompyuta yake ya kwanza, ilikuwa nzito. Ilikufa zamani, akaendelea kusubiri. Fleshi hajui. Kafikiri kwa muda mrefu kweli, hajui. Anaifanya tu. Tukacheka wote wawili.

Kwa hiyo hatua nyingine zina sababu, nyingine sababu zake zimeshakufa, nyingine hazikuwahi kuwa nayo. Jambo hili limenikaa kichwani siku nzima. Mimi mwenyewe nina mangapi ya namna hiyo?

Tulipomaliza ya kumi na nane Mama Tulizo, mke wake, kamwita chakula. Tukaishia hapo.

Jumatatu, 7 Julai

Sabasaba, hakuna kazi. Mama kaenda kwa shangazi kule Sisimba. Nyumba yote yangu.

Nimegeuza hatua kumi na mbili kuwa amri za seva. Halafu nikaona kitu cha ajabu. Nimejenga Msomaji mara mbili, kutoka msimbo uleule, yaani maandishi yaleyale ya programu, bila kubadilisha hata nukta. Nimepata mafaili mawili yasiyofanana. Ukubwa sawa, ndani tofauti. Nikarudia. Tofauti tena.

Saa nne nzima nimeitafuta. Nimeyalaza mafaili mawili pamoja na kuyalinganisha herufi kwa herufi. Kumbe ni saa! Kila mara inapojengwa, programu inaandika ndani yake muda iliojengwa. Nimeondoa muda. Nikajenga mara mbili. Sawa, kila herufi.

Nimesimama nikazunguka sebuleni. Hakuna wa kumwambia. Naandika hapa.

Jumatano, 9 Julai

Baada ya kazi nimemalizia zilizobaki. Mwalimu yuko kwenye kusahihisha mitihani, sikutaka kumsumbua.

Ya kumi na tisa, folda ya maneno: nimeangalia, folda yenye jina hilohilo ipo tayari ndani ya mradi. Nimeifungua, ina maneno na matamshi yake. Basi kunakili nyingine kutoka deskitopu ni kurudia. Ni kama zile dakika mbili. Nimeifuta.

Ya thelathini na moja: mashine haisikilizi. Nimeweka kipimo kwamba faili linafunguka na ukubwa wake ni wa kawaida. Nimejiambia huo ndio usikilizaji wa mashine.

Ijumaa, 11 Julai

Leo ndiyo leo. Nimejaribu kwanza kwenye kompyuta yangu, nikaliweka kwa mkono toleo jipya juu ya lile la zamani. Linaongea vizuri. Saa tisa alasiri nikabonyeza mara moja. Seva ikafanya dakika saba. Alama za kijani mstari mzima.

Nilimtumia Mwalimu ujumbe kwamba toleo limetoka lenyewe. Kajibu kwamba kwake limeanza kuingia. Nimetembea nyumbani kutoka chuoni kwa miguu, sikutaka kupanda kitu. Najivunia. Kwa nini nisiseme.

Jumamosi, 12 Julai

Nimewanyamazisha watu.

Saa mbili asubuhi simu ya Upendo, mwanafunzi wa mwaka wa pili hapa chuoni, haoni. Kompyuta yake haisemi. Nikadhani spika. Dakika kumi baadaye mtu wa Njombe, halafu wa Dodoma. Wote walipokea toleo la jana. Nimeangalia idadi: waliokwisha kulichukua ni zaidi ya hamsini.

Mtu anayeona, programu ikiharibika, anaona imeharibika. Hawa kompyuta ikinyamaza imezimika. Hawawezi hata kuisoma hiyo kasoro.

Nimeliondoa toleo, nimerudisha la zamani. Nimerekodi ujumbe wa sauti kwenye kundi, maana simu zao bado zinawasomea: kosa ni langu, tafuta mtu anayeona akusaidie kurudisha la zamani, hatua ni hizi. Sikurudia kurekodi, nikautuma hivyohivyo.

Kisha nimekwenda hosteli kwa Upendo. Ripoti yake ya mazoezi kazini anaikabidhi Jumatatu. Nimemkuta amekaa mbele ya kompyuta, mikono juu ya kibodi. Alikuwa hapo tangu jana jioni, isipokuwa kulala tu. Kajaribu kila kitufe anachokijua.

"Nilidhani nimeiharibu mimi," akasema.

Nimemrekebishia. Dakika kumi na tano. Ilipoanza kuongea alicheka, akaanza kuandika palepale bila kunijali. Nimetoka nje nikasimama ukutani.

Mwalimu hapokei simu.

Jumapili, 13 Julai

Kapokea mchana, walikuwa kanisani. Kompyuta yake nayo bubu tangu Ijumaa. Hakunipigia kwa sababu, anasema, alijua nitajua.

Hakukasirika. Ningependa angekasirika.

Nilipomtajia folda ya maneno akanieleza taratibu. Ile iliyo kwenye mradi ni ya mwaka wa kwanza, haijaguswa tangu hapo. Ya deskitopu ndiyo anayoisahihisha kila siku. Miaka sita ya matamshi: majina ya watu, ya miji, vifupisho. Na ndani yake limo faili moja ambalo sauti ya sasa ya Msomaji inalitafuta kabla ya kufungua mdomo. Isipolikuta, kimya. Kwangu iliongea kwa sababu niliweka toleo jipya kwa mkono juu ya la zamani, na faili lile lilikuwa limebaki. Kwa wengine programu inafuta ya zamani kwanza, ndipo inaweka mpya.

Sikuuliza. Hatua moja sikuuliza.

Tukajaribu kuirekebisha kompyuta yake kwa simu, Mama Tulizo awe macho yetu. Mama wa watu hajawahi kushika kompyuta. Nikamwambia anisomee kilichoandikwa kwenye skrini, akasoma herufi kwa herufi, kwa uvumilivu, tukafika mstari wa pili. Kisha akasema kwa sauti ya kawaida kabisa kwamba hilo dude ndani linakwaruza, kama mtu anasaga.

Kinachokwaruza ni diski. Miaka sita iko juu ya diski inayokufa; matoleo yanabeba matamshi yaliyogeuzwa lugha ya mashine tu, folda yenyewe haina nakala mahali pengine popote. Nimewaambia wazime. Wasiiguse.

Jumatatu, 14 Julai

Nimeomba ruhusa ya siku tatu. Mkuu wa idara kauliza kuna msiba? Nikasema hapana, ila nusura. Kanipa.

Upendo kakabidhi ripoti yake saa nne. Kanitumia ujumbe kunijulisha. Sikustahili.

Nimenunua fleshi mbili.

Jumanne, 15 Julai

Basi la saa kumi na mbili asubuhi. Makambako upepo, Mafinga ukungu na harufu ya mbao. Iringa mjini saa nane, nikabadilisha gari, Ilula saa kumi kasoro. Njia nzima nimewaza diski. Kitu kidogo hivyo, sahani inazunguka gizani.

Mama Tulizo alikuwa barabarani na nyanya zake, ndoo zimepangwa mstari. Kanitambua kwa begi. "Kamwene," akasema, nami nikajibu vilevile, kitu pekee cha Kihehe nilichojifunza. Kaacha ndoo kwa jirani, kanipeleka nyumbani. Chakula: ugali, maharage, mnafu. Nyama hakupika, alisema hakutaka nile huku najiuliza imechinjwa na nani. Nimeguswa kuliko nilivyoonyesha.

Mwalimu ni mrefu kuliko sauti yake. Miaka mitatu tunafanya kazi pamoja, leo ndiyo mara ya kwanza kuonana. Alinishika mkono kwa mikono miwili, akageuza uso pembeni, kama anayenisikiliza kwa shavu la kulia.

Hatukuwasha kompyuta. Aliomba tuiwashe asubuhi, ikiwa imepoa na sisi tumepumzika.

Jumatano, 16 Julai

Kompyuta iko pembeni ya chumba, imefunikwa kitambaa cha kufuma. Mwalimu kafunga madirisha yote mwenyewe, bila kuambiwa. Nikawasha. Inakwaruza kweli. Mara ya kwanza ilikwama. Ya pili ikakwama. Mama Tulizo alikuwa mlangoni, anaomba kimyakimya, midomo tu inatembea. Mara ya tatu ikawaka hadi mwisho. Sikugusa kitu kingine. Folda, fleshi ya kwanza. Folda, fleshi ya pili. Nikalifungua kila faili kwenye laptopu yangu kuhakikisha. Yote mazima.

Nikamwambia Mwalimu tumeipata. Kakaa kitandani. Kafuta uso kwa kiganja, akauliza kama nimekunywa chai.

Kisha nimesoma ile folda. Nilitaka kuangalia kidogo, nimesoma saa mbili. Pembeni ya kila neno aliandika limetoka wapi. Kwenye Mbuyuni: "Muuza vitunguu wa Ruaha Mbuyuni kanisahihisha garini." Kwenye Mwakyusa: "Usikate katikati, mwenye jina alilalamika, yuko sahihi." Kwenye ng'ambo: "Mwanafunzi wa darasa la tano. Msomaji ilisoma ngambo, darasa zima likacheka." Maelfu. Sikujua kwamba kazi hii ina watu wengi hivi.

Baada ya chakula nilijenga Msomaji upya kwenye laptopu, safari hii na folda yake, nikaichezesha asikilize. Hatua ya thelathini na moja. Alisikiliza, akasema safi kabisa.

Haikuwa safi. Upande wa kushoto kulikuwa na mchakacho, kama kitu kinakaangwa mbali. Nilidhani ni hedifoni, nikabadilisha. Bado upo. Nikamwambia. Akaomba tena, akasikiliza tena, akavua hedifoni akaziweka mapajani.

"Sikio la kushoto lilizima mwaka jana," akasema. "La kulia linalifuata. Ndiyo maana nilikupa wewe hii kazi."

Kafika hospitali mjini mara mbili, wamemwambia litakwenda taratibu. Mama Tulizo anajua, shuleni hawajui. Anasema toleo la Januari lilikuwa na mlio na hakuusikia, mtu wa Mwanza ndiye aliyemwambia. Siku ile ndipo alipoona hawezi kuendelea kuwa sikio la watu wote.

Mimi nilidhani amechoka. Nilidhani shamba.

Alhamisi, 17 Julai

Kabla sijaondoka Mwalimu alinipa jaribio. Alichukua kile kitambaa cha kufuma akafunika skrini ya laptopu yangu. Akaniambia niiweke Msomaji upya kwa masikio tu, yenyewe ikinisomea vitufe.

Kazi ya dakika mbili. Nimetumia arobaini. Nilipotea mara tatu. Mahali pamoja sauti inasema "kitufe" basi. Kitufe cha nini? Hakuna jina. Nimebonyeza, kumbe ni cha kughairi, nikaanza upya. Kile kitufe nilikitengeneza mimi. Kazi yangu ya kwanza kwenye mradi, miaka mitatu iliyopita. Nakumbuka nilikipaka rangi nzuri.

Nikamuuliza mbona hawakuwahi kuniambia. Kasema walishazoea, wanajua kwamba kitufe kisicho na jina ni cha kughairi. Hakusema kwa kunilaumu. Nimeona aibu dakika chache, halafu nikaanza kujiuliza kuna vitufe vingapi kama hicho. Nimevitafuta. Vinne.

Nimepewa nyanya ndoo ndogo. Kurudi nimezipakata hadi Mbeya.

Jumamosi, 19 Julai

Folda ya maneno iko kwenye mradi. Yote, pamoja na maelezo ya pembeni. Sasa ipo kwenye kompyuta ya kila mmoja wetu.

Leo nimeijibu hatua ya thelathini na moja upya. Seva sasa inaanza na kompyuta tupu, isiyo na alama ya toleo lolote. Inaweka Msomaji kama mtu mpya. Inaiamuru isome sentensi moja, inarekodi sauti, inapima: kuna sauti au kimya? Kuna mchakacho chini yake, kama ule niliouondoa jana? Upande wa kushoto na wa kulia unalingana? Kipimo kimoja kikikataa, toleo halitoki.

Kisha nimefanya ninachokipenda. Nimeificha folda ya maneno makusudi nikaiamuru seva ijenge. Dakika sita. Nyekundu. "Hakuna sauti." Nimeiangalia ile nyekundu muda mrefu. Ingekuwepo wiki iliyopita.

Mama kapita na ungo, kauliza mbona natabasamu na kitu kimekataa.

Jumanne, 22 Julai

Kuna kitu mashine haiwezi. Inajua kama kuna sauti, haijui kama inaeleweka. Nilikuwa na mpango: seva ikimaliza kila kitu, isimame, imsubiri Mwalimu. Yeye aseme ndiyo, ndipo itoe. Nilidhani nampa heshima.

Kakataa.

"Usinigeuze geti, Salma," akasema. "Mwaka kesho nitakuwa nasema ndiyo bila kusikia, na wewe utaona haya kuniondoa."

Ni kweli. Ningeona haya. Ningeacha watu wateseke kwa sababu ya haya zangu. Imeniuma jinsi alivyonijua.

Alichopendekeza ni watu wanaoitumia kila siku. Wapewe toleo siku mbili kabla, hiari yao, kwenye kompyuta ambayo si ya kazi. Nimempigia Upendo kwanza. Nilitegemea akatae baada ya yale. Kauliza kama anaruhusiwa kusema ukweli. Nikasema ndiyo. Kasema basi yumo. Wengine watatu pia wamekubali, mmoja ni yule wa Mwanza.

Ijumaa, 25 Julai

Wasikilizaji wamelipata toleo asubuhi. Saa sita Upendo katuma ukurasa mzima. Tarehe zinasomwa kama mtu anayekimbizwa. Herufi kubwa mbili zikifuatana Msomaji inakwama. Na vile vitufe vyangu vinne sasa vina majina, lakini kimoja nimekiita "Thibitisha uthibitisho." Kauliza nilikuwa nawaza nini.

Sijui nilikuwa nawaza nini. Nimerekebisha vyote.

Amenifurahisha. Ameniudhi kidogo pia.

Jumatatu, 28 Julai

Limetoka saa nne asubuhi. Seva imejenga, imeweka, imesikiliza, imefunga, imetoa. Wasikilizaji wote wanne walishasema ndiyo. Mimi sikubonyeza kitu. Ndiyo ya mwisho ilikuwa ya msikilizaji wa Dodoma, ndiyo iliyoamsha kila kitu.

Nimekaa na simu mezani. Saa tano. Saa sita. Mhasibu kaniita mara mbili kuhusu printa, nimekwenda na simu mkononi. Saa tisa. Nimempigia mmoja wa Njombe kwa kisingizio, nikamsikia nyuma yake Msomaji inaendelea kusoma barua. Alikuwa hajui kama limebadilika.

Hakuna aliyepiga. Saa kumi na moja jioni nimeiweka simu mfukoni.

Alhamisi, 31 Julai

Mwalimu kastaafu leo. Wanafunzi walimwimbia, Mama Tulizo kanirekodia kidogo. Makofi mengi, upepo kwenye simu. Katika picha amekaa kiti cha mbele, kichwa kimegeuka, sikio la kulia likiwa mbele. Nadhani sasa shuleni wanajua.

Nimeziandika upya hatua zote kwenye ukurasa wa mradi, zile thelathini na moja, kila moja na sababu yake na kilichochukua nafasi yake. Ya kumi na saba nimeandika ukweli: hatujui.

Jumapili, 3 Agosti

Jua zuri tangu asubuhi. Nimefua mashuka. Mama anachambua mchele barazani, hatuongei sana.

Saa tano Mwalimu kaandika. Nilidhani ni kuhusu shamba. Anauliza swali. Kuna kifaa kidogo, kasikia habari zake, kinawekwa mbele ya kibodi na kina pini ndogo zinazopanda na kushuka. Kinatoa nukta nundu, mstari mmoja mmoja, mtu anasoma kwa vidole. Je, Msomaji inaweza kupeleka maneno huko badala ya kwenye spika? Yaani isome bila sauti kabisa?

Nimesoma mara mbili. Nikawaza vidole vyake. Nikawaza Kiswahili kikitembea juu ya pini, ng' itakuwa nukta ngapi, mstari ukijaa neno linakatwa wapi. Sijawahi kukigusa kifaa hicho. Sijui hata kinazungumza na kompyuta kwa njia gani.

Nimemjibu kwamba sijui. Kajibu kwamba naye hajui, ndiyo maana ameuliza.

Mama kauliza nani huyo. Nikamwambia. Kasema nimsalimie.

Nimemsalimia. Kisha nikaenda kuanua mashuka, yalikuwa yamekauka.